Diski ya breki ya kuskimu, used ya Japani au mpya ya aftamaketi: ipi uweke kama pedi zinaliwa upande mmoja

Hapa stendi Mbale, mashariki mwa Uganda, karibu kila wiki kuna dereva ananiuliza "Boss, ninunue diski gani, used ama mpya?" na mimi kabla sijajibu namuuliza pedi zako zimeliwaje, za ndani ama za nje, mguu mmoja, yaani gurudumu moja, ama yote mawili. Wengi hawajui kwa sababu makanika alizitoa akazitupa pale chini na yeye akaenda kununua nyingine. Ndugu yangu, hiyo pedi ya zamani usiitupe, ndiyo inakwambia pesa yako iende wapi.

Mimi naendesha Toyota Noah ya abiria Mbale–Kapchorwa, na kama unaijua hiyo barabara unajua ukipita Sipi unarudi chini ni kushuka na kona mpaka masikio yanaziba. Mguu wa mbele kushoto ulinisumbua karibu mwaka mzima. Naweka pedi mpya, wiki kama sita natoa, ya ndani imebaki milimita 2 na ya nje bado ina 8, stelingi inatetemeka nikikanyaga breki kwenye mteremko. Fundi wa kwanza akasema pedi ni feki, nikanunua za bei. Wa pili akasema diski imepinda, tukaskimu, yaani tukachonga uso wake upya kwenye lethi. Zikaliwa vile vile. Mara ya tatu nikakaa chini mwenyewe na kijana wa gereji tukavuta pini za kalipa (kile kibano kinachoshika pedi na kuzibana kwenye diski), ya chini ikatoka kwa vidole, ya juu ikagoma kabisa, tukaizungusha na spana pole pole na ilipotoka ilikuwa na kutu na ile grisi ndani ya shimo imekuwa nyeusi inavutika kama lami. Mtu aliweka grisi ya kawaida ya bearing hapo, na hiyo grisi ya petroli inavimbisha mpira, kile kifuniko kikavimba, kikapasuka, vumbi la murram likaingia. Nikaitazama pedi tena kwa upande nikaona imeliwa kwa mshazari, juu nene chini nyembamba. Ilikuwa inanionyesha tangu mwanzo.

Kwa hiyo naanza na pedi, halafu diski.

Pedi zinasemaje

Gari zetu nyingi hizi Noah, Premio, Wish, Raum zina kalipa yenye pistoni upande mmoja tu, wa ndani. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima inateleza kwa zile pini mbili inavuta pedi ya nje. Ukielewa hapo umeelewa karibu kila kitu.

Ya ndani ikiisha na ya nje bado nzima, ama pini zimekaza kalipa haitelezi kwa hiyo pedi ya ndani inafanya kazi peke yake, ama pistoni ina kutu hairudi nyuma na ile pedi inasugua hata kama umetoa mguu kwenye breki. Utajuaje ni ipi? Vuta pini kwa mkono, inatakiwa iingie na kutoka laini. Kama pini ziko sawa, rudisha pistoni ndani, kama inagoma au inaenda kwa kukwama kwama basi ni yenyewe. Ya nje ikiisha peke yake, hapo karibu kila mara ni pini, kalipa ilivutwa ikashika lakini haikurudi. Ikiliwa kwa mshazari ni pini moja imejamu kama ilivyokuwa kwangu, ama pedi haikai vizuri kwenye bracketi, kuna kutu pale masikio ya pedi yanapoteleza. Mshazari kidogo sana si ugonjwa, upande ule diski inakoanzia kuingia unaweza kuliwa mbele kidogo ya mwingine, lakini ukiuona kwa macho bila kupima huo umezidi.

Halafu kuna mguu mmoja kuisha na wa pili kubaki mpya. Hapa watu wananunua kalipa bure. Piga jeki, mwambie mtu akanyage breki aachie, zungusha tairi. Kama limebana, fungua ile nati ya kutolea upepo kidogo tu. Tairi likiachia pale pale, ujue presha ilikuwa imefungiwa ndani na mara nyingi ni mpira wa breki, ule mpira unaopeleka mafuta kwenye kalipa, umeharibika ndani unapitisha mafuta kwenda lakini hauyarudishi, na kwa nje unauona mzima kabisa. Likibaki limebana, basi kalipa au pini. Mpira ni bei ndogo kuliko kalipa kwa mbali, kwa hiyo hiyo dakika tano inakuokolea pesa.

Njia nyingine ya haraka, ukishafika toka safari bila kukanyaga breki sana, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, huyo ndiye anashika.

Na jambo hili la diski "kupinda", karibu kila fundi analisema, lakini diski ya chuma cha kusubu haipindi kirahisi hivyo. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba diski haijakaa sawa kwenye habu (kitovu cha gurudumu inapofungwa), kuna kutu au uchafu nyuma yake, au nati za tairi zimekazwa na ile mashine ya upepo moja sana nyingine kidogo, diski inazunguka ikiyumba kidogo sana. Toyota nyingi zinaruhusu kuyumba kama milimita 0.05 tu, hiyo ni kama unene wa unywele. Kila mzunguko inagusa pedi sehemu ile ile, baada ya kilomita elfu kadhaa unene wa diski hauko sawa tena, pale ndipo stelingi inaanza kucheza. Ndiyo maana mtu anaskimu leo gari inatulia halafu baada ya miezi michache inarudi, kwa sababu kilichoyumbisha bado kiko pale pale nyuma ya diski.

Kuskimu, used, au mpya

Sasa tuko dukani. Nalinganisha hizi tatu kwa sababu ndizo zile unazopewa, iwe Mbale, iwe Kisekka, soko la spea pale Kampala. Jenuini mpya ya kampuni ni nzuri kuliko zote na kama pesa iko usisome zaidi, nunua.

Kuskimu ndiyo rahisi kwa mfuko na ndiyo watu wanaipenda, lakini inakula chuma. Kila diski imeandikwa unene wa mwisho, tafuta pale kwenye kikombe cha katikati au pembeni, utaona maneno MIN TH na namba ya milimita. Ukiwa na diski yenye mwisho wa 23 na yako imebaki 24, ukiskimu pande zote mbili umeshafika mwisho siku hiyo hiyo, na bado hujaanza kuitumia. Na hata kama haijafika mwisho, diski nyembamba inabeba joto kidogo kuliko nene, mimi mtu wa mteremko naliona hilo kabla ya yule anayeshinda kwenye jam ya Kampala. Skimu ina maana kama diski bado ni nene, mikwaruzo ni ya juu juu, na umeshatibu kilichosababisha. Kisha mwambie fundi wa lethi asafishe ule uso wa diski unaokaa kwenye habu kabla hajaifunga kwenye mashine, maana akiifunga na kutu anachonga kuyumba kupya.

Used ya Japani ina sifa moja ya kweli, chuma ni cha kiwandani, ilitoka na gari, inaingia kwenye habu bila ubishi. Tatizo ni kwamba unanunua maisha ambayo mtu mwingine ameshayatumia. Hapa usiende bila vernia (kile kifaa cha kupima unene), hiyo ya plastiki pia inatosha kuliko jicho. Pima mahali pedi inapogusa, si ukingoni, maana ukingoni kuna ule mdomo ambao haujaliwa na utakudanganya. Pitisha ukucha kutoka katikati kwenda nje, ukucha ukikwama kwenye mdomo mkubwa iache. Angalia kutu ya mashimo mashimo, hasa upande wa ndani ambao muuzaji anauweka chini. Gari za kaskazini mwa Japani zinapita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi wakati wa theluji na kutu yake si ile ya kufuta kwa msasa, inaingia ndani. La mwisho, chukua mbili za gari moja zenye unene sawa. Wauzaji wengi wanakupa ya kulia kutoka kwenye lundo lile na ya kushoto kutoka lundo lingine, na moja ina 25 nyingine 23, halafu unashangaa miguu haifanani.

Mpya ya aftamaketi, yaani ya watengenezaji wengine si kampuni ya gari, ndiyo inayosemwa vibaya kuliko zote na mimi naona inaonewa. Kuna mbaya sana, ndiyo, lakini kuna nzuri na unaweza kuzitofautisha pale pale kaunta. Beba diski yako ya zamani uende nayo. Shika moja mkono huu nyingine mkono ule, mpya inatakiwa iwe nzito kuliko iliyoliwa, ikiwa nyepesi mtengenezaji alibana chuma. Igeuze uangalie kwa ukingo, kati ya sahani mbili kuna zile kuta za kupitisha hewa. Sahani ya ndani na ya nje ziwe na unene sawa kuzunguka kote. Ukiona upande mmoja nene mwingine nyembamba, ilimiminwa vibaya na itapata joto bila usawa, stelingi itacheza hata kama kila kitu kingine umekifanya sawa. Hesabu hizo kuta na za zamani pia, kuna za bei chee wamepunguza. Jaribu tundu la katikati kwenye habu, likae bila kucheza. Na usiogope ukiona ukingoni kuna kipande kimekatwa kama kimepigwa tupa, hapo walikuwa wanabalansi.

Ukishanunua ioshe. Mpya inakuja na mafuta ya kuzuia kutu, watu wanaifunga hivyo hivyo na pedi mpya zinakunywa hayo mafuta siku ya kwanza, halafu lawama zote kwa pedi. Maji ya moto na sabuni yanatosha, au dawa ya kusafishia breki, kausha vizuri.

Zile zenye matundu na michirizi ambazo vijana wa Subaru wanazipenda, kwa matumizi yetu mimi siziweki. Ile yenye matundu inaweza kuanza ufa kutoka kwenye tundu ikipata joto la mara kwa mara, na michirizi inakula pedi haraka. Mvua na matope ya huku havihitaji hayo.

Kwa hiyo mimi nasema hivi. Mtu wa milima, Kapchorwa, Kabale, Kisoro, Bundibugyo, chukua mpya ya aftamaketi iliyo nzito, unene kamili unauhitaji kweli kushuka na abiria saba na magunia ya viazi. Mtu wa mjini au wa barabara tambarare, used yenye unene karibu na mpya ni chaguo zuri na utakaa nayo miaka. Kuskimu namwachia yule ambaye diski zake ni za gari lenyewe, bado nene, na zimetetemeka mara ya kwanza tu.

Pedi zenyewe

Hapa usidanganywe na boksi. Geuza pedi uangalie ubavuni au mgongoni utakuta namba ndefu inaishia na herufi mbili, EE, FF, GG na nyingine zimechanganyika. Ya kwanza ni msuguano pedi ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto. E ni 0.25 mpaka 0.35, F ni 0.35 mpaka 0.45, G inaanzia 0.45 mpaka 0.55. Ukipewa FE ujue ikipata moto inapungua nguvu, na ndipo unapoihitaji. Kwa mteremko sishuki chini ya FF. Pedi isiyo na maandishi yoyote, plain kabisa, mimi narudisha hata iwe bei gani. Ukiona alama ya E ndani ya duara na namba inayoanza na 90R, hiyo imepitishwa kwa kipimo cha Ulaya cha pedi za kubadilisha, ni dalili nzuri.

Za oganiki ni laini, hazipigi kelele, haziumizi diski, lakini joto likipanda zinachoka mapema. Semi metali zina chembe za chuma, zinavumilia joto, zinalia kidogo asubuhi na zinakula diski kiasi. Seramiki ya kweli imetulia, vumbi kidogo kwenye rimu, bei juu. Kampala kwenye foleni oganiki au seramiki sawa. Mimi naweka semi metali mbele na nimekubali kelele, kwa sababu kelele ya asubuhi naivumilia lakini kukanyaga pedeli ukakuta imekufa pale juu ya Sipi na mama ana mtoto mgongoni siti ya nyuma, hapana.

Usichanganye, pedi aina moja kulia na kushoto, na ubadilishe miguu yote miwili pamoja hata kama mmoja bado una nyama.

Kalipa: kiti ya mpira (seti ya mipira mipya ya kalipa) au kalipa nyingine

Kama pini tu ndizo zimekaza, usinunue kalipa. Toa, sugua kutu kwa msasa laini, safisha lile shimo mpaka likauke, weka vifuniko vipya vya mpira na grisi ya breki ya silikoni. Kidogo tu, ukijaza sana inasukuma pini nje. Kuna kalipa ambazo pini moja ina kijimpira nchani na nyingine haina, kumbuka ipi ilikuwa juu, ukibadilisha nafasi utarudi mwanzo.

Pistoni ikiwa na mikwaruzo au mashimo ya kutu, kiti ya mpira haitasaidia, mpira mpya utakatwa na ile kutu. Hapo kuna mahali pistoni mpya inapatikana, ikikosekana chukua kalipa used lakini isukume pistoni mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Kama pistoni ni safi, kiti inatosha.

Na mafuta ya breki badilisha hapo hapo, kila miaka 2 hivi. Yanavuta unyevu kutoka kwenye hewa, na unyevu huo nao unaleta kutu kwenye pistoni. DOT 3 (daraja la mafuta ya breki) ikiwa mpya inachemka kuanzia 205°C lakini ikishanyonya maji kiwango kinaweza kuanguka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kwa sisi wa mlimani DOT 4, tofauti ya bei ni ndogo.

Kufunga

Hapa ndipo kazi nzuri inaharibikia. Sugua habu kwa brashi ya waya mpaka uone chuma kinang'aa kote, hasa kuzunguka zile stadi (bolti zinazobeba tairi), punje moja ya kutu nyuma ya diski inatosha kuiyumbisha. Usiache kalipa ining'inie kwa mpira wake, ifunge na waya kwenye spring. Nati za tairi kaza kwa mkono kwanza, moja halafu ile ya mkabala wake, Toyota nyingi ndogo zinataka nguvu ya kukaza ya 103 Nm. Yule kijana wa mashine ya upepo ni mwepesi sana, mwambie kwa upole, "Kijana wangu, hizi za mwisho nipe nikaze mwenyewe."

Halafu pedi zizoee diski. Mimi naenda barabara ya Kumi pale imenyooka na hakuna mteremko, naendesha 60, nakanyaga kwa nguvu ya wastani mpaka kama 10 bila kusimama kabisa, naachia, naenda tena, mara kama kumi nikiacha nafasi katikati. Baadaye naendesha tu bila breki ipoe. Usisimame na mguu umekandamiza breki wakati diski ni moto, pedi inaacha alama pale ilipolala na kutetemeka kunaanzia hapo.

Na jamani lile la kumwagia magurudumu maji mkishuka kutoka Kapchorwa, naliona kila siku pale vijana wanaposubiri na madumu. Diski ya moto ikipigwa maji baridi ghafla inaweza kupasuka. Shuka kwa gia ndogo kutoka juu, na ukifika chini egesha mahali pana upepo, nunua ndizi, ngoja dakika ishirini.

Noah yangu tangu nitoe ile pini na kuweka diski mpya nzito na FF, juzi nimefungua kuangalia, kushoto ndani 7, nje 7, kulia ndani 7, nje karibu 7 na nusu. Ile pini ya kulia nitaivuta tena mwezi ujao.